Ramani Iliyokuwa Bado Jikoni: BICEP2, Planck na Miezi Kumi ya Kungoja

Kisa hiki kinaanza na slaidi. Aprili 2013, kwenye mkutano wa wanasayansi huko Noordwijk, Uholanzi, mjumbe mmoja wa timu ya Planck, chombo cha angani cha Ulaya, alionyesha ramani ya anga nzima, umbo lake kama yai lililolazwa, imepakwa rangi na kila rangi ikisimama badala ya namba. Ilihusu vumbi la galaksi yetu: kila mahali angani, ni sehemu gani ya mwanga wa vumbi hilo inatetemea upande mmoja. Kulikuwa na onyo fupi kwamba mwanga wa galaksi za mbali ulikuwa haujatolewa ndani ya ramani hiyo. Slaidi ikakaa muda mfupi, ikaja nyingine. Baadaye mafaili ya mkutano yakawekwa kwenye intaneti, kama ilivyo kawaida.

Wakati huo hakuna mtu nje ya timu ya Planck aliyekuwa na ramani yenyewe. Kilichokuwepo ni picha yake. Mwaka uliofuata picha hiyo ilijikuta imebebeshwa sehemu ya hoja ya tangazo la timu ya darubini ya BICEP2, lililosikika dunia nzima, kwamba binadamu amepata dalili ya moja kwa moja ya kilichotokea katika sehemu ndogo mno ya sekunde ya kwanza ya ulimwengu. Tangazo halikudumu. Wengi wanaolisimulia huishia kwenye methali ya haraka isiyo na baraka, halafu wanafunga daftari. Nadhani wanakosea. Waliotangaza hawakuwa watu wa haraka. Kilichowakwaza ni namna walivyongoja.

Kilichokuwa kinatafutwa

Miaka kama 380,000 baada ya Mlipuko Mkuu, ulimwengu ulipoa kiasi cha elektroni kushikamana na viini vya atomu, na mwanga uliokuwa ukigongana nazo kila hatua ukapata njia. Mwanga huo bado unasafiri. Upanuzi wa ulimwengu umeunyoosha hadi ukawa mikrowevu yenye joto la kelvini 2.7, nao unatufikia kutoka kila upande wa anga. Hapa nitauita mwanga wa kale.

Sehemu ndogo ya mwanga huo ina polaraizesheni, maana yake mitetemo yake inaelemea upande mmoja kuliko mwingine. Chora angani vijistari vifupi kuonyesha kila mahali mtetemo umeelekea wapi, na vijistari hivyo vitajipanga kwa namna mbili. Vinaweza kutawanyika kama miale kutoka kitovu, au kukizunguka kitovu hicho kama pete. Mpangilio huu huitwa E. Au vinaweza kujikunja kama kimbunga, kwenda kushoto au kulia. Huu huitwa B. Kusongamana kwa kawaida kwa maada ya mwanzo kulizaa E peke yake. Njiani, uzito wa galaksi hupinda mwanga na kugeuza E kidogo kuwa B, lakini hiyo huonekana zaidi kwenye vipande vidogo vya anga. Vimbunga vikubwa, vya upana wa digrii moja au mbili, vinahitaji chanzo kingine. Nadharia inasema chanzo hicho ni mawimbi ya mvutano yaliyozaliwa wakati wa mfumuko, pale ulimwengu ulipovimba ghafla kupita kiasi. (Neno la wachumi tulilolizoea kwenye bei linafaa hapa bila kubadilishwa herufi hata moja.)

Ukubwa wa vimbunga hivyo hupimwa kwa namba moja, r, ambayo ni uwiano wa nguvu ya mawimbi ya mvutano na nguvu ya mawimbi ya msongamano. Ukiipata r, umepata nishati ambayo mfumuko ulitokea nayo. Ndiyo maana watu walikuwa tayari kuitafuta kwa muongo mzima.

BICEP2 ilikuwa darubini yenye kipenyo cha sentimita 26 tu. Ilikaa Ncha ya Kusini, kwenye kituo cha Amundsen-Scott, mahali penye hewa kavu mno ambapo mvuke wa maji hauzuii mikrowevu. Udogo wake haukuwa kasoro, kwa sababu kitu chenye upana wa digrii nzima hakihitaji jicho kali. Kinachohitaji ni uvumilivu na ubaridi. Darubini ilikuwa na vigunduzi 512, na kuanzia 2010 hadi 2012 ilikodolea eneo moja la anga la kusini, kama digrii mraba 380, lililochaguliwa kwa sababu lilisadikiwa kuwa na vumbi dogo kuliko sehemu nyingi.

Vigunduzi vyote 512 vilipokea masafa mamoja, gigahetsi 150. Huu ndio uamuzi wa kuutazama kwa makini. Ukigawa vigunduzi kwenye masafa matatu, kila masafa yanapata theluthi ya uwezo, na ishara unayoitafuta ni ya nanokelvini makumi tu. Ukivirundika pamoja, unaona kina ambacho hakuna mwingine anakiona. BICEP2 ilivirundika. Uamuzi huo uliifikisha kileleni kabla ya wenzake, na ukainyima kitu kimoja: rangi, yaani masafa zaidi ya moja.

Kwa nini rangi

Kati yetu na mwanga wa kale kuna Njia Nyeupe, na ndani ya Njia Nyeupe kuna vumbi. Chembe zake ni ndogo mno, nyingi hazina umbo la duara kamili, na zina joto la kelvini kama 20. Zinazunguka, na ugasumaku wa galaksi huzipanga zielekee karibu upande mmoja. Kwa kuwa zimepangwa, mwanga zinaoutoa una polaraizesheni. Na kwa kuwa ugasumaku wa galaksi unapindapinda, mpangilio wa vijistari vyake una E na B pia, bila kujali chochote kilichotokea mwanzoni mwa ulimwengu.

Kwa masafa mamoja huwezi kujua kimbunga ulichokiona ni cha vumbi au ni cha mfumuko. Vyote viwili ni vijistari vilivyojikunja. Vinatofautiana pale unapobadilisha masafa: ukipanda kutoka gigahetsi 150 hadi 353, polaraizesheni ya vumbi, ikipimwa kwa mizani ya mwanga wa kale, inakua kama mara 25, ilhali mwanga wa kale wenyewe haukui. Mtu mwenye ramani nzuri ya gigahetsi 353 ana taa ya kumulikia vumbi.

Mwenye ramani hiyo alikuwa Planck. Chombo hicho cha Shirika la Anga za Juu la Ulaya, ESA, kilirushwa 14 Mei 2009 kutoka Kourou, Guiana ya Ufaransa, na kikaenda kukaa umbali wa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani. Kilijizungusha mara moja kila dakika, kikichora anga mduara kwa mduara, kwa masafa tisa kuanzia gigahetsi 30 hadi 857. Saba kati ya hayo yalipima polaraizesheni, na ya juu kabisa kati ya hayo saba yalikuwa 353.

Machi 2013 Planck ilitoa matokeo yake makubwa ya kwanza ya kosmolojia: umri wa ulimwengu miaka bilioni 13.8, na, kwa kutumia hasa joto, bila polaraizesheni ya Planck yenyewe, kikomo cha r kisichozidi 0.11. Ramani za polaraizesheni hazikutolewa. Timu ilisema bado inazifanyia kazi.

17 Machi 2014

Siku hiyo John Kovac, Clement Pryke, Jamie Bock na Chao-Lin Kuo, viongozi wanne wa BICEP2, walitangaza matokeo kwenye kituo cha astrofizikia cha Harvard na Smithsonian, Cambridge, Massachusetts. Vimbunga vya B vilikuwepo. Thamani ya r ilikuwa 0.20, na uwezekano kwamba ni sifuri ulitupwa kwa sigma 7 (sigma ni kipimo cha uhakika: ikipanda, bahati nasibu inazidi kutowezekana). Ile 0.20 ilizidi kikomo cha 0.11 cha Planck, kwa hiyo tangu saa ya kwanza kulikuwa na msuguano mezani.

Kuna video ambayo wengi waliiona wiki ile. Kuo anakwenda hadi nyumbani kwa Andrei Linde, mmoja wa waasisi wa nadharia ya mfumuko, na kubisha hodi. Mlango unafunguliwa na Linde pamoja na mkewe, Renata Kallosh, naye pia ni mwanafizikia. Kuo anataja namba mbili tu: sigma tano, nukta mbili, yaani r ya 0.2. Kallosh anamkumbatia. Linde anaomba arudie. Baadaye anaeleza kwamba kengele ilipolia walidhani ni mzigo umeletwa, mkewe akamuuliza kama ameagiza kitu, na jibu ni kwamba ndiyo, aliagiza miaka thelathini nyuma, umefika leo. Kisha Linde huyohuyo, uso bado una tabasamu, anasema kwamba siku zote anaishi na shaka moja: je, kama nimedanganywa? Kama naamini jambo hili kwa sababu tu ni zuri?

Mimi nikiitazama tena video hiyo sasa, sioni mzaha ambao watu walikuja kuuona. Namwona mzee mmoja aliyejua kufurahi na kutilia shaka kwa dakika ileile.

Kinachosahaulika ni tofauti kati ya karatasi na tangazo. Kichwa cha karatasi ya kisayansi kilikuwa cha kiasi: kilisema wamegundua polaraizesheni ya aina ya B katika pembe za digrii. Mfumuko haukutajwa kwenye kichwa. Taarifa kwa vyombo vya habari ndiyo iliyozungumzia ushahidi wa kwanza wa moja kwa moja wa mfumuko. Sentensi ya kwanza ni kweli hadi leo. Ya pili ndiyo iliyokuja kuanguka. Kati ya sentensi hizo mbili kuna swali moja tu, la vumbi, na swali hilo lilijibiwa kwa makadirio.

Kuisoma picha kama namba

Watafiti wa BICEP2 hawakupuuza vumbi. Karatasi yao ilikuwa na mifano sita ya vumbi, yaani modeli za kulikadiria, na yote ilionyesha kuwa vumbi katika eneo lao ni dogo mno kuweza kuzaa ishara waliyoiona. Mifano mitano ilitokana na makadirio ya zamani au dhana, kwa mfano kudhani kwamba polaraizesheni ya vumbi ni asilimia 5 kila mahali. Wa sita ulikuwa na hadhi ya pekee, maana ulitumia Planck. Lakini data za Planck hazikuwepo hadharani. Wakachukua slaidi ya Noordwijk.

Hebu fikiria kazi hiyo ilivyo. Unafungua faili la slaidi, unakata picha ya ramani. Unachukua upau wa rangi ulio chini yake na kuandika kila rangi inawakilisha asilimia ngapi. Kisha programu inapita pikseli moja baada ya nyingine, inauliza rangi hii inalingana na namba gani kwenye upau, na kuandika namba hiyo. Unanyoosha umbo la yai lirudi kuwa tufe. Mwishoni una jedwali linalofanana na data. Lina safu, lina namba za desimali, linakubali kuzidishwa na kugawanywa. Kitu pekee ambacho halina ni makosa yake: hakuna safu inayosema namba hii ina uhakika kiasi gani, na hakuna maelezo ya kilichofanyiwa au kisichofanyiwa.

Lile onyo fupi la slaidi ndilo lililokuwa na sumu. Ramani ilionyesha uwiano: mwanga wa vumbi wenye polaraizesheni, ukigawanywa kwa mwanga wote uliopokelewa. Katika ule mwanga wote kulikuwamo pia mwanga wa infraredi wa galaksi za mbali, ambao hauna polaraizesheni ya kuhesabika. Ukiujumlisha chini ya mstari wa kugawanya, uwiano unashuka, na vumbi linaonekana lina polaraizesheni ndogo kuliko iliyopo. Baya zaidi, kosa hilo halitawanyiki sawasawa. Palipo na vumbi jingi, mwanga wa galaksi za mbali ni kitone tu. Palipo na vumbi dogo, mwanga huo ni sehemu kubwa ya vyote vinavyoonekana. Kwa hiyo ramani ile ilipotosha zaidi palepale ambapo BICEP2 walikuwa wanatazama, kwa sababu ileile iliyowafanya wapachague.

Mei 2014 jambo hili lilianza kusemwa waziwazi. Mwanafizikia Raphael Flauger alilieleza katika mhadhara Princeton, na mwezi huohuo yeye, Colin Hill na David Spergel walitoa hesabu iliyoonyesha kwamba vumbi lingeweza kueleza ishara yote. Michael Mortonson na Uroš Seljak nao, kwa njia yao, walifika karibu na hapo. Kuna kejeli hapa ambayo huwa haisimuliwi: ili kukosoa ramani iliyosomwa kutoka kwenye slaidi, Flauger naye alilazimika kusoma slaidi. Hakukuwa na kingine. Pande zote mbili zilikuwa zikibishana juu ya rangi za picha, huku namba zenyewe zimekaa kwenye kompyuta za watu wengine.

Karatasi ya BICEP2 ilipochapishwa rasmi Juni 2014 katika jarida la Physical Review Letters, mfano uliotokana na slaidi ulikuwa umeondolewa. Hoja nyingine iliyotumia darubini ya awali, BICEP1, kulikana vumbi, nayo ilipungua kutoka sigma 2.2 hadi 1.7. Na iliongezwa sentensi ya ungwana: kwamba mifano ya vumbi haikubanwa vya kutosha na data za hadharani kiasi cha kuondoa uwezekano kwamba vumbi ni ishara yote.

Data zilikuwa zimeshafika

Katika miezi ile magazeti yaliandika kana kwamba dunia inasubiri ujumbe kutoka angani. Picha hiyo inapendeza, ila si sahihi. Ala ya masafa ya juu ya Planck, ile yenye bolomita (vigunduzi vinavyohisi joto dogo mno) za gigahetsi 353, ilihitaji kupozwa hadi kelvini 0.1, na gesi yake ya kupozea iliisha Januari 2012. Chombo chenyewe kilizimwa 23 Oktoba 2013, karibu miezi mitano kabla ya tangazo la Harvard. Data zote zilizokuwa zinangojwa zilikuwa chini, ardhini, zimehifadhiwa, zaidi ya miaka miwili. Kilichongojwa ni watu wafikie kuziamini.

Na si kwamba walikuwa wamelala. Bolomita iliyopozwa karibu na sifuri kamili huhisi kila kitu. Miale ya kosmiki ilizigonga bolomita za Planck takriban mara moja kila sekunde, na kila kipigo kiliacha mkia uliotakiwa kuondolewa. Mzunguko wa kielektroniki uliogeuza volti kuwa namba ulikuwa na hatua zisizolingana kabisa, kasoro iliyokuja kubainika vizuri wakati wa uchambuzi, chombo hakifikiki. Na polaraizesheni hupatikana kwa kutoa: unachukua bolomita mbili, moja inahisi mtetemo wa upande huu, nyingine wa upande ule, unatafuta tofauti. Bolomita moja ikiwa imesahihishwa juu kidogo tu kuliko mwenzake, joto la kawaida linavuja na kujifanya polaraizesheni. Unatafuta kitu cha sehemu ndogo ya milioni ya kelvini kwa kutoa namba mbili kubwa zinazokaribia kulingana. Anayewahimiza watu wa namna hii waharakishe hajawahi kufanya kutoa kwa aina hiyo.

Kuna ushahidi mzuri kwamba hawakuwa wakikalia jibu lililoiva. Mwanzoni mwa Mei 2014, joto la mjadala likiwa juu, Planck walitoa ramani yao ya kwanza ya polaraizesheni ya vumbi kwa gigahetsi 353. Sehemu za anga ambazo hawakuziamini walizifunika. Eneo la BICEP2 lilikuwa miongoni mwa yaliyofunikwa. Nadhani hii ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote katika kisa hiki: kila mtu anakimbilia ramani, na pale panapotakiwa pana doa tupu. Waliokuwa wanangoja walikasirika. Mimi naliona doa lile kuwa sentensi yenye maana kamili, inayosema hapa bado.

Septemba, halafu Januari

Jibu la kwanza lilikuja Septemba 2014. Planck walichukua nguvu ya vumbi kwa gigahetsi 353 katika eneo lilelile, wakaishusha hadi 150, na wakapata kiasi kinachokaribia kulingana na ishara yote ya BICEP2. Waliongeza jambo lililowauma watu wa fani hii zaidi ya hilo: hakuna dirisha lolote angani lililo safi kiasi cha kupima B za mfumuko bila kuondoa vumbi. Kulikuwa na sehemu zilizokuwa na vumbi dogo kuliko ile ya BICEP2, lakini safi kabisa haikuwepo.

Vichwa vya habari viliandika kwamba mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha, na hapa ndipo wachambuzi wengi hupita mbio. Ramani ya Planck ilifunika anga yote kwa muda uleule, kwa hiyo katika kipande kidogo kama kile ilikuwa na kelele nyingi, yaani makosa ya nasibu ya ala. Iliweza kusema vumbi ni kiasi gani kwa wastani, pamoja na makosa mapana. Haikuweza kusema kimbunga hiki ni cha vumbi na kile si cha vumbi. BICEP2 nao walikuwa na vimbunga vilivyochorwa vizuri ajabu, bila rangi. Mmoja alikuwa na rangi bila kina, mwingine kina bila rangi. Wale waliokuwa wakisubiri Planck itoe hukumu walikuwa wanasubiri kitu ambacho Planck peke yake haikuwa nacho.

Kwa hiyo timu mbili zilizokuwa zikishindana zilikubaliana kubadilishana data na kuzichambua pamoja, zikiongeza na za Keck Array, darubini ndugu ya BICEP2 pale pale Ncha ya Kusini. Njia yenyewe ni rahisi kuielewa: weka ramani ya 150 juu ya ramani ya 353, utafute mikunjo inayofanana. Kelele za ala mbili tofauti hazifanani, kwa hiyo zinakufa zenyewe kwenye hesabu. Vumbi linafanana, linabaki. 30 Januari 2015 matokeo yalitoka. Vumbi lilionekana wazi. B zinazotokana na kupindwa kwa mwanga na galaksi zilionekana kwa sigma 7. Za mfumuko hazikuonekana. Kilichobaki hakikutofautishika na sifuri, na r ikawekewa kikomo cha 0.12.

Siku chache baadaye, Februari 2015, Planck walitoa mzigo wao wa pili wa data, zamu hii ukiwa na polaraizesheni, baada ya kusogezwa mbele kutoka tarehe za 2014. Hata hapo walizuia sehemu: polaraizesheni ya pembe kubwa kabisa kutoka ala ya masafa ya juu haikutolewa, kwa sababu bado hawakuridhika nayo. Toleo la mwisho lilikuja Julai 2018, zaidi ya miaka sita baada ya bolomita kuacha kufanya kazi.

Nani alikosea, na wapi

Sikubali kwamba BICEP2 walikuwa wazembe. Waliacha kukusanya data mwishoni mwa 2012 na walitangaza Machi 2014. Muda ule wote walikuwa wakiwinda makosa ya ala yao, na walifanya vizuri mno. Hakuna aliyekuja baadaye akasema kipimo chao kilikuwa kibovu. Keck Array ilikirudia na kukikuta. Tena walishajua wanahitaji rangi: baadhi ya darubini za Keck zilihamishiwa gigahetsi 95 kwa msimu wa 2014, yaani kabla mzozo wa vumbi haujaanza.

Kosa ninaloliona mimi liko mahali padogo zaidi. Walihitaji kipande kimoja cha ushahidi ambacho hawakuwa nacho. Kungekuwa na njia mbili safi: kusema kipande hakipo, au kungoja. Wao walitafuta kitu chenye umbo la kipande hicho, wakakiweka kwenye nafasi yake. Slaidi ilipoingia kwenye hesabu ilipata sura ya data, na baada ya hapo hakuna aliyeona tena pengo. Kama wangeandika mifano mitano tu, na kukiri kwamba wa sita unaotakiwa haupo hadharani, tangazo lingekuwa dogo zaidi, na pengine uandishi wa taarifa kwa vyombo vya habari ungeishia kwenye B. Pengo lililoachwa wazi humsumbua anayeandika, lakini pia humzuia.

Na Planck? Wapo wanaosema kwamba wangetoa ramani mapema kisa hiki kisingetokea. Sioni hivyo. Ramani ya mapema ingekuwa ileile ya slaidi, safari hii ikiwa na muhuri. Ila kuna kitu nawalaumu: kuonyesha ukutani ramani ambayo hawakuwa tayari kuitoa, kisha kuiacha kwenye intaneti. Ukishaonyesha chungu kilicho motoni kwa watu wenye njaa, usishangae mtu akichovya kidole. Ama ingefunikwa, kama walivyofunika lile eneo Mei 2014, ama ingetolewa pamoja na makosa yake.

Miaka iliyofuata timu ya Ncha ya Kusini iliongeza gigahetsi 95 na 220 kwenye ile 150, ikajenga darubini mpya, BICEP3, ikaendelea kukodolea anga ileile. Oktoba 2021 walichapisha matokeo yaliyotumia data hadi mwaka 2018: r haizidi 0.036. Ile 0.20 ya Machi 2014 sasa iko mbali juu ya mstari. Katika uchambuzi huo ramani za Planck zimo, pamoja na za WMAP, chombo cha NASA kilichopima mwanga wa kale kabla ya Planck, zikifanya kazi ya kumulika vumbi. Safari hii zilikuwa mafaili halisi, yenye namba kwa kila pikseli, na pamoja nazo seti za kelele za kuigiza zinazoonyesha kila namba inaweza kukosea kiasi gani.